Shoguni aliyefunga nchi, na msonobari wake ambao bado unanyweshwa maji

Kila mtu anayependa bonsai ana mti mmoja ambao akifumba macho anauona kwake nyumbani. Labda wako ni mgumo mdogo uliokumbatia jiwe kwa mizizi. Labda ni mti wowote tu, bora usikufie. Lakini uliza wale wamezama kabisa kwa hii kazi, na wengi watakutajia msonobari mmoja huko Tokyo.

Huo mti hauuzwi. Hata kama una pesa ya kununua ghorofa nzima Kilimani, hutaupata. Uko kwenye chungu ndani ya Kasri la Mfalme wa Japani, na inakadiriwa una miaka 500 au zaidi. Majani yake ni kama sindano, yanaota matano matano. Jina lake ukilitafsiri ni Msonobari wa Shoguni wa Tatu.

Sasa, huyo shoguni wa tatu ni nani? Na mbona mti unabeba jina lake? Hiyo ndiyo stori nataka kukupa leo. Nakuonya mapema: huyu si mtu wa kuwekwa kwa fulana. Alipenda miti kwa upole ambao ungekushangaza, na alitawala watu kwa ukali ambao utakushangaza zaidi. Mambo yote mawili ni ya mtu mmoja, na sitakuficha hata moja.

Kwanza tuelewane kuhusu bonsai. Bonsai si aina ya mti. Hakuna mbegu ya bonsai, na ukiuziwa moja mtandaoni ujue umechezwa. Ni mti wa kawaida kabisa, ule ungekua ukashinda nyumba kwa urefu, lakini umepandwa kwenye chungu kifupi, ukakatwa matawi, ukapunguzwa mizizi, ukaelekezwa pole pole mpaka ukakubali kuwa mdogo huku ukionekana mzee. Kila baada ya miaka kadhaa unautoa chunguni, unapunguza mizizi, unaweka udongo mpya. Ukiacha, mizizi inajaa, inajinyonga yenyewe, mti unakufa. Weka hiyo akilini. Tutairudia.

Mtoto ambaye mama hakumtaka

Iemitsu alizaliwa mwaka 1604 katika mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo. Babu yake, Tokugawa Ieyasu, alikuwa ametoka tu kushinda vita vikubwa vya mwaka 1600 pale Sekigahara, na mwaka 1603 akawa shoguni. Shoguni ni nani? Ni amiri jeshi ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa anaendesha nchi, huku Mfalme akikaa Kyoto na heshima zake bila mamlaka mengi. Kabla ya hapo Japani ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe zaidi ya miaka 100. Bwana wa jimbo hili anavamia la jirani, jirani analipiza, mkulima ndiye anaumia. Ieyasu alimaliza hiyo vurugu, na baba yake Iemitsu, Hidetada, akawa shoguni wa pili.

Sasa unaweza kudhani mtoto wa familia kama hiyo alilelewa kama yai. La. Alipewa jina la utotoni la Takechiyo, jina lile lile ambalo babu yake alikuwa nalo akiwa mdogo, kwa hivyo matarajio yalikuwa makubwa. Lakini inasemekana alikuwa mgonjwa mgonjwa, mkimya, na ulimi ulikuwa unamkwama akizungumza. Halafu miaka miwili baadaye akazaliwa ndugu yake, mchangamfu, mwenye sura, yule mtoto kila mgeni anataka kumbeba. Mama yao, Oeyo, alimpenda huyo mdogo waziwazi. Baba naye akaelekea huko huko. Watu wa ikulu si wajinga. Wakaona upepo unavuma wapi, wakaanza kujipanga nyuma ya mdogo.

Kama umewahi kukaa kwa meza moja na ndugu anayesifiwa kila kitu huku wewe ukiulizwa mbona huwi kama yeye, basi unaelewa Takechiyo alikuwa anakula chakula cha aina gani.

Kulikuwa na mtu mmoja upande wake. Yaya wake. Jina lake Fuku, yule mama aliyeajiriwa kumnyonyesha. Fuku mwenyewe alitoka familia iliyoangushwa na vita. Baba yake alikuwa upande ulioshindwa na aliuawa Fuku akiwa mtoto. Alijua vizuri maana ya kuanguka. Kwa hivyo, kulingana na simulizi ambayo Wajapani wanaijua sana, Fuku alitoka Edo akidai anaenda kuhiji kwenye hekalu la Ise, kumbe njiani alipitia Sunpu, ambapo mzee Ieyasu alikuwa amestaafia. Akamweleza yote. Wazia hiyo hatari: mfanyakazi wa nyumbani kwenda kumshtaki tajiri wake kwa baba wa tajiri.

Mzee akaja Edo. Inasimuliwa kwamba aliita wajukuu, akamkaribisha Takechiyo akae kando yake pale juu, na mdogo alipotaka kufuata akaambiwa akae chini na wengine. Hakuna hotuba iliyohitajika. Kila mtu ukumbini alielewa nani atarithi. Ieyasu akafa mwaka 1616, lakini neno lake lilibaki.

Mwaka 1623, akiwa na miaka 19, Iemitsu akawa shoguni wa tatu. Baba yake aliachia cheo lakini hakuachia usukani. Aliendelea kuamua mambo mpaka alipokufa mwaka 1632.

Na yule ndugu? Aliitwa Tadanaga akiwa mkubwa, na alipewa jimbo kubwa la Suruga. Baadaye alishtakiwa kwa tabia mbovu, ikiwemo kuua watu wake ovyo, akanyang'anywa kila kitu, akafungiwa, na mwishowe akaamrishwa ajiue. Hakufika miaka 30. Huenda mashtaka yalikuwa ya kweli. Lakini ni vigumu kusoma hayo bila kukumbuka ile siku ya ukumbini, mtoto mmoja juu na mwingine chini.

Miti chunguni

Katikati ya siasa hizo zote, Iemitsu alikuwa na ugonjwa mmoja mtamu: miti.

Wakati huo watu hawakuwa wanasema sana bonsai. Walikuwa wanasema hachi no ki, yaani mti wa bakuli. Sanaa yenyewe ilikuwa imetoka Uchina karne nyingi nyuma, ikafika Japani pamoja na watawa wa Kibudha na wasafiri, ikawa burudani ya watawa na mabwana. Hata kuna mchezo wa jukwaani wa kale unaoitwa Hachi no Ki. Unamhusu samurai aliyefukarika, amebaki na miti mitatu tu ya bakuli: mplamu, mcheri na msonobari. Usiku wa theluji anapata mgeni, mtawa aliyeshikwa na baridi. Kuni hazipo. Basi anakata ile miti yake mitatu, anaichoma ili mgeni apate joto. Kumbe mgeni ni mtawala aliyejificha, na baadaye anamlipa samurai kwa ardhi. Kila Mjapani wa enzi ya Iemitsu aliyepita shule au jukwaani alijua hiyo hadithi. Funzo lake ni rahisi: mti ni wa thamani, lakini mtu anayetetemeka mbele yako ni wa thamani zaidi.

Je, Iemitsu alilielewa hivyo? Subiri.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akitumia muda mwingi kwa miti yake mpaka wazee wa serikali wakaanza kunung'unika. Mmoja wao alikuwa Okubo Hikozaemon, askari mzee aliyepigana chini ya babu yake Iemitsu, mtu wa maneno makali ambaye hakuogopa cheo cha mtu. Simulizi maarufu inasema siku moja Okubo alichoka. Akanyanyua mti mmoja ambao shoguni aliupenda sana, akaurusha nje bustanini, mbele ya mwenyewe. Ujumbe: nchi inakungoja, wewe unapanguza majani.

Kama ilitokea vile vile au iliongezwa chumvi, siwezi kukuapia. Okubo ni mtu ambaye Wajapani wamempa visa vingi. Alikufa mwaka 1639, mzee wa karibu miaka 80, kwa hivyo kichwa chake hakikukatwa kwa ajili ya chungu. Lakini hadithi imedumu kwa sababu inagusa swali la kweli. Mtu mwenye nguvu akipenda kitu kidogo kwa moyo wote, je, huo ni upole wake halisi, au ni mahali pa kujificha?

Mimi nimewaza hivi. Fikiria mtoto aliyekua akihesabiwa kila siku dhidi ya mwingine. Mti haukulinganishi. Mti hauna upande ikuluni. Ukiunywesha leo na kesho, unakujibu kwa jani moja, baada ya wiki kadhaa, bila kusema neno. Kwa mtu ambaye ulimi ulimkwama, hayo ni mazungumzo mazuri kabisa.

Mlango unafungwa

Lakini sasa tuone alichofanyia watu.

Mwaka 1635 aliweka sheria kwamba mabwana wa majimbo, wale daimyo, wapatao 260 hivi, wawe wanakaa Edo kwa zamu: kwa wengi wao ilikuwa mwaka mmoja Edo, mwaka mmoja kwao. Wakirudi kwao, wake na watoto wanabaki Edo. Kwa lugha ya mtaa, mateka. Na kila safari ilibidi bwana aende na msafara mkubwa wa watu na farasi, gharama juu yake. Ukimaliza kulipia msafara na kutunza nyumba mbili, utanunua silaha na nini? Hakuna uasi unaoweza kupangwa na mtu aliyefilisika ambaye mtoto wake yuko mikononi mwako. Ilikuwa akili nyingi sana. Ni kazi ya mtu anayejua kupunguza mizizi.

Mwaka huo huo akapiga marufuku Wajapani kusafiri ng'ambo. Ukitoka, kifo. Ukiwa nje tayari na ukajaribu kurudi, kifo. Kulikuwa na Wajapani wakiishi na kufanya biashara kusini mashariki mwa Asia, na ghafla hawakuwa na kwao. Wewe una binamu Doha au Boston? Wazia unaamka asubuhi moja unaambiwa akikanyaga uwanja wa ndege atauawa.

Halafu kulikuwa na Wakristo. Ukristo uliingia Japani mwaka 1549 kupitia wamisionari waliohusiana na Wareno, na maelfu kwa maelfu ya watu waliupokea. Babu yake na baba yake Iemitsu walikuwa wameshaanza kuukataza, kwa kuogopa kwamba muumini anayemtii Papa hatamtii shoguni, na kwamba nyuma ya padri huja mizinga. Iemitsu alizidisha. Mwaka ule ule wa 1623 aliochukua cheo, Wakristo 50 walichomwa moto Edo. Watu wakawa wanalazimishwa kukanyaga picha za Yesu na Bikira Maria kuthibitisha kwamba si Wakristo. Ukisita, umejisaliti.

Kabla hujashangaa sana kuhusu hofu yake, kumbuka hao Wareno tunawajua. Ndio hao hao walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Na mwaka 1631, wakati Iemitsu akiwa shoguni, Sultani wa Mombasa Yusuf bin Hassan, ambaye walikuwa wamembatiza na kumlea Goa, aliwageuka, akamuua nahodha wa ngome na kuiteka. Watu wa pwani yetu na mtawala wa Edo walikuwa wanaangalia matanga yale yale kwa wasiwasi. Tofauti ni kwamba Yusuf alikuwa mdogo mbele ya nguvu yao, na Iemitsu alikuwa na nguvu ya kufunga mlango.

Kijana wa miaka 16

Na sasa tunafika pale panauma.

Kusini, kwenye rasi ya Shimabara, kulikuwa na bwana wa jimbo aliyeitwa Matsukura Katsuie. Baba yake alijenga kasri kubwa kuliko uwezo wa jimbo, na bili ikaenda kwa wakulima. Kodi juu ya kodi. Aliyeshindwa kulipa aliteswa. Wengi wao walikuwa Wakristo au walikuwa wamewahi kuwa, kwa hivyo walipigwa mara mbili, kwa tumbo na kwa imani. Mavuno yakawa mabaya. Mwishoni mwa mwaka 1637 wakasimama.

Unajua waliomweka mbele ni nani? Kijana aliyeitwa Amakusa Shiro, wa karibu miaka 16. Umri wa mtu wa kidato cha pili. Pamoja naye walikuwa wakulima, wavuvi, samurai wasio na bwana, akina mama na watoto. Wakajifungia kwenye ngome chakavu ya Hara, kando ya bahari. Jeshi la kwanza la serikali likashindwa, na kamanda wake akauawa. Iemitsu akatuma zaidi ya watu 100,000. Hata meli ya Waholanzi iliombwa ipige mizinga kutoka baharini, na ikapiga.

Waliodumu ndani walikula mpaka magugu ya baharini. Aprili 1638 ngome ikaanguka. Inakadiriwa watu 37,000 walikuwa ndani, na karibu wote waliuawa. Kichwa cha Shiro kilipelekwa Nagasaki kikawekwa hadharani.

Baadaye serikali ilimchunguza Matsukura, ikaona kweli aliwakamua watu kupita kiasi, ikamkata kichwa. Kwa bwana wa jimbo hiyo ilikuwa aibu kubwa, maana watu wa cheo chake waliruhusiwa kujiua kwa heshima. Kwa hivyo serikali ilikubali kwamba malalamiko yalikuwa ya haki. Ilikubali baada ya kuwamaliza waliolalamika. Wewe uliyekuwa barabarani Juni 2024 na bendera mabegani, sina haja ya kukuchorea ramani.

Samurai wa hadithi alichoma miti yake ili mtu apate joto. Shoguni huyu alibaki na miti.

Mwaka 1639 meli za Wareno zikapigwa marufuku kabisa. Mwaka 1640 wakatuma ujumbe kutoka Macau kuomba mambo yarekebishwe. Watu 61 wa ujumbe huo wakakatwa vichwa, na 13 wakarudishwa wakatoe habari. Mwaka 1641 Waholanzi, ambao walijali biashara kuliko mahubiri, wakahamishiwa Dejima, kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono kwenye bandari ya Nagasaki. Wachina nao waliendelea kufanya biashara Nagasaki, na kulikuwa na njia za kwenda Korea na Ryukyu. Kwa hivyo si kweli kwamba nchi ilifungwa tii. Iliachiwa matundu machache, kama chungu kinavyotobolewa chini ili maji yatoke. Hali hiyo ilidumu mpaka meli za kivita za Marekani zilipofika mwaka 1853. Zaidi ya miaka 200.

Tuseme ukweli wote: miaka hiyo 200 ilikuwa ya amani ya ndani ambayo Japani haikuwahi kuijua. Miji ilikua, watu wengi walijifunza kusoma, sanaa zilinawiri, na sanaa ya miti ya bakuli ilishuka kutoka kwa mabwana mpaka kwa wafanyabiashara na watu wa kawaida mjini. Pengine bila amani hiyo wewe hungekuwa unajua neno bonsai. Hiyo pia ni kweli. Lakini amani hiyo ina kaburi la watu 37,000 chini yake, na mtu anayekusifia mti bila kukutajia udongo hajakuambia yote.

Na kuna kitu Iemitsu hakukihesabu. Mizizi. Mwaka 1865, wakati nchi ilikuwa imefunguka tena, kikundi cha wakulima kutoka Urakami kilimwendea padri Mfaransa kwenye kanisa jipya Nagasaki, kikamnong'oneza kwamba wao ni wa imani moja naye. Walikuwa wameificha zaidi ya miaka 200, bila padri, wakirithishana maombi kwa mdomo. Unaweza kukata kila tawi linaloonekana. Yale ya chini yana mambo yao.

Mwisho wa mwenye mti

Mwaka 1643 Fuku, yule yaya, akafa. Wakati huo alikuwa na cheo kikubwa ikuluni na jina la heshima, Kasuga no Tsubone. Inasimuliwa kwamba miaka mingi nyuma Iemitsu alipougua ndui, Fuku aliapa kwamba akipona, yeye mwenyewe hatameza dawa tena maisha yake yote. Iemitsu akapona. Na Fuku alipokuwa kitandani mwake, akakataa dawa mpaka mwisho. Kama kuna mtu aliyempenda Iemitsu bila hesabu, ni huyo.

Iemitsu akafa mwaka 1651, miaka 46. Baadhi ya watumishi wake wa karibu walijiua ili wamfuate, desturi ambayo serikali ya mwanawe iliipiga marufuku miaka 12 baadaye. Alizikwa Nikko, karibu na kaburi la babu yake, ambalo alikuwa amelijenga upya kwa dhahabu na nakshi kibao mwaka 1636. La kwake mwenyewe lilifanywa lisishinde lile la babu. Mpaka kaburini alikuwa bado anamshukuru yule mzee aliyemwambia akae juu.

Mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka kama 10. Na miti ikabaki.

Nani amekuwa akimwaga maji?

Hapa ndipo nataka ukae kidogo na mimi.

Kutoka kifo cha Iemitsu mpaka leo ni zaidi ya miaka 370. Piga hesabu: ni zaidi ya siku 135,000. Msonobari wa chunguni hauwezi kungoja mvua kama mti wa porini. Chungu ni kifupi, udongo ni kidogo, jua la kiangazi likipiga na hakuna mtu, siku chache zinatosha kumaliza kazi ya karne tano. Maana yake ni kwamba katika hizo siku zote, kulikuwa na mtu. Serikali ya mashoguni ikaanguka mwaka 1868, lakini kulikuwa na mtu. Tetemeko likaangusha Tokyo mwaka 1923, na kulikuwa na mtu. Mabomu ya mwaka 1945 yakachoma mji, na kulikuwa na mtu na ndoo yake.

Majina yao hayapo kwenye kibao. Mti unaitwa wa Shoguni wa Tatu, ambaye aliutunza kwa sehemu ndogo sana ya umri wake. Waliofanya kazi iliyobaki ni watunza bustani, mmoja akizeeka anamfundisha kijana, kijana anazeeka anamfundisha mwingine. Kila mmoja alijua kwamba hataona mwisho wa kazi yake, na kila mmoja alijua kwamba anaweza kuwa ndiye mwisho wake akilala siku moja.

Januari 2019, huko Saitama karibu na Tokyo, wezi waliiba bonsai saba za familia moja. Mmoja ulikuwa mti wa miaka 400, wa thamani ya zaidi ya yeni milioni 10. Wenyewe walipojitokeza hadharani, kilichoshangaza ulimwengu ni kwamba kitu walichowaomba wezi kilikuwa maji. Wanywesheni tafadhali, wasife. Kwa sababu anayejua mti anajua hilo ndilo swali la kwanza. Mwenye mti ni nani, hilo linafuata baadaye.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayeota bonsai, mimi sikuambii uache kuota ule msonobari wa Tokyo. Ota tu. Lakini ukitaka kuanza, usingoje mti wa shoguni. Wauza miche wako kandokando ya barabara kila mji wa nchi hii. Jamii ya migumo na mikuyu huvumilia chungu vizuri kuliko msonobari wa baridi, na hauhitaji cheti chochote. Mimi nimeacha chuo na hakuna mche ulioniuliza nimefika mwaka wa ngapi. Toboa chungu chini. Weka udongo unaopitisha maji. Punguza pole pole. Usiuweke ndani ya nyumba kama pambo la kabati, mti unataka jua.

Na ukifika wakati wa kuutoa chunguni na kupunguza mizizi, mkumbuke Iemitsu. Alijua vizuri kwamba mti ukibanwa bila kufunguliwa utakufa. Sijui kama alipotia saini ile amri ya mwaka 1635 aligeuka hata mara moja kuangalia chungu kilichokuwa karibu naye. Lakini wewe unaweza kukiangalia. Nchi yako ina vijana waliobanwa kwenye udongo kidogo, na siku moja mmoja wenu atakuwa na mkasi mkononi na mamlaka ya kukata. Siku hiyo chungu kikuulize: unakata ili mti uishi, au unakata kwa sababu unaweza?

Sasa nenda uangalie udongo wa mche wako. Kama ni mkavu, unajua la kufanya.